Fundi wa kompyuta wa Chake Chake: hapokei simu, lakini habahatishi

Kama uko Pemba na kompyuta yako imegoma, fundi ninayemsemea hapa yuko Chake Chake, juu ya duka la vitambaa. Ngazi ziko uchochoroni na zina giza. Kibao hana. Simu hapokei akiwa na bisibisi mkononi, na bisibisi haimtoki mkononi tangu anafungua mpaka adhana ya adhuhuri. Ukimkuta na kazi ya mtu mezani hatoigusa yako mpaka ile iishe, hata ukimwambia umetoka Konde. Nayatanguliza haya kwa makusudi, ili mtu akenda kwa maneno yangu asije akanilaumu. Pamoja na yote hayo, mimi mashine yangu sitompelekea mtu mwengine.

Kazi yangu ni video za harusi, hapa Wete na vijiji vya jirani. Zamani bibi harusi akiridhika na DVD moja baada ya mwezi. Sasa wanataka picha za 4K, wanataka droni, na wanataka kipande kifupi cha kuweka statasi kabla hata ya mapambo hayajabanduliwa ukutani. Laptop yangu ilikuwa inahema. Nikiiwekea kazi usiku, asubuhi naikuta bado iko nusu, imewaka moto kama chuma cha pasi. Mwana wa dada yangu, anayesoma Unguja, akanambia: "Mama mkubwa, pesa hizo hizo unazotaka kununulia laptop nyengine, tununue vipande tuunge kompyuta ya mezani. Utapata mashine mara mbili ya hiyo."

Hesabu yake ilikuwa sawa. Tulichukua prosesa, yaani ubongo wa mashine, ya Ryzen 5 5600G, ambayo ina sehemu ya picha ndani yake, kwa hivyo grafiki kadi, kile kipande cha picha kinachonunuliwa peke yake, ingeweza kungoja mpaka msimu wa harusi ulete pesa. Bodi ya B450, lile bamba ambalo vipande vyote huchomekwa, vijiti viwili vya ramu (kumbukumbu ya kufanyia kazi) vya GB 16, SSD (diski ya kuhifadhia) ya TB 1, na pawa saplai, inayogawa umeme, ya wati 550. Bodi na prosesa zilitoka Kariakoo ya Dar es Salaam, vyengine Darajani, na kijana akavileta mwenyewe kwa meli mpaka Mkoani, bodi ameikumbatia mapajani safari nzima. Akaiunga juu ya meza ya kulia chakula, taratibu, mikono misafi, kila skrubu mahali pake.

Tukabonyeza. Feni zikazunguka, taa za urembo zikawaka rangi zote, na skrini ikaandika kwamba haipati ishara, kisha ikalala. Kibodi haikuwaka hata taa moja. Tukazima, tukawasha, mambo yale yale.

Kabla ya Chake nilipita kwengine, na huko sitokutaja. Kijana wa pale alibonyeza kitufe, akaziangalia feni kwa muda wa kunywa funda moja la maji, akasema bodi imekufa. Anayo nyengine, laki mbili na themanini. Nikamuuliza amejuaje kuwa ni bodi na si prosesa, wala ramu, wala hiyo pawa saplai. "Mama, sisi tumezoea." Hakufungua hata kifuniko. Sikugombana naye. Nilibeba mashine yangu nikaondoka, maana kama jawabu la kila mashine ni bodi mpya, basi lile ni duka la bodi.

Sasa huyu wa Chake. Ni mtu wa makamo, miwani imefungwa uzi, kofia ya kiua, maneno yake ya kuhesabu. Mkewe hukaa karibu na mlango akishona kofia, na yeye ndiye anayejua foleni ikoje na nani katangulia. Ukifika umuulize yeye, usimuulize bwana. Nilikaa juu ya ndoo ya rangi iliyofunikwa kwa mto, nikangoja zamu yangu.

Suali lake la kwanza halikuwa "imefanyaje". Alisema, "Bibie, imewahi kuwaka hata siku moja?" Nikamwambia hapana, mpya, haijawahi. Akaitikia kwa kichwa. Baadae alinieleza kuwa suali hilo ndilo linalogawa kazi. Mashine iliyokuwa ikifanya kazi ikafa, atatafuta kilichoharibika. Mashine ambayo haijawahi kuwaka, mara nyingi hakuna kilichoharibika. Kuna kitu hakijachomekwa sawa au vitu viwili havipatani. Akanitajia wagonjwa wake wa kawaida wa namna hiyo: waya wa pini nane wa prosesa, ule unaoingia pembeni juu ya bodi, umesahauliwa, kijiti cha ramu kimekaa lakini hakijalia "ta!" upande mmoja, au mtu amenunua prosesa ya Intel yenye herufi F mwishoni, ambayo haina sehemu ya picha, kisha amechomeka waya wa skrini kwenye bodi na anashangaa mbona giza.

Yetu alikagua hayo yote kwa kidole, bila ya haraka. Ramu zilikuwa kwenye nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, kama inavyotakiwa kwa vijiti viwili. Waya wa pini nane upo. Akasema, "Aliyeunga ni nani? Mwambie kazi yake safi." Nimeshamwambia, na sasa anajiona injinia.

Kilichofuata ndicho ninachokilipia na ndicho nilichotaka watu wakijue. Fundi alitoa kila kitu ndani ya kasha. Kila kitu, si kimoja. Aliitandika bodi juu ya kadibodi kavu mezani, akabakisha prosesa na feni yake, kijiti kimoja cha ramu, na waya za umeme. SSD nje, waya za kasha nje, feni za urembo nje. Sababu yake aliitoa huku akifungua: ndani ya kasha kuna vinguzo vya shaba ambavyo bodi hukalia, na kimoja kikiwa mahali ambapo bodi haina tundu, kinagusa njia za umeme kwa nyuma na mashine haiwaki. Ukiitoa nje, shaka hiyo unaifuta moja kwa moja. Hata kitufe cha kuwashia alikiacha. Aligusisha pini mbili ndogo za bodi kwa ncha ya bisibisi, nukta moja tu, na feni ikazunguka. Kwa hivyo kitufe cha kasha nacho kikatoka kwenye orodha ya washukiwa.

Pawa saplai aliipima peke yake. Aliichomoa kwenye bodi, akachukua kibanio cha karatasi alichokikunjua, akaunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye ile plagi kubwa ya pini 24, na saplai ikaamka. Mita yake, ya manjano iliyochubuka, akanigeuzia nione: 12.1, 5.0, 3.3. Kwenye laini ya volti 12, aliniambia, kinachokubalika ni kati ya 11.4 na 12.6. Akarudisha kila kitu na akatoa ile betri ya duara ya CR2032, mfano wa sarafu, akaiacha nje huku anakunywa kahawa, ili bodi isahau kila ilichokuwa imekishika. Akairudisha. Akawasha. Giza lile lile.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kuona ile laki mbili na themanini inanisogelea. Yeye akashusha miwani na kunionyesha kitaa chekundu kwenye kona ya bodi, kidogo kuliko punje ya mchele, ambacho nyumbani hatukukiona kwa wingi wa mataa mengine. Viko vinne pale, kimoja cha prosesa, kimoja cha ramu, kimoja cha picha, kimoja cha diski. Kilichobaki kuwaka ni cha prosesa. Alibadilisha ramu kwa kijiti chake mwenyewe, kitaa kikabaki pale pale.

Hapo ndipo aliponiuliza, "Sanduku la bodi unalo?"

Nilikuwa nalo, kwa sababu kijana aliniusia nisitupe. Akaligeuza ubavuni, akasoma kibandiko kilichosema kuwa bodi iko tayari kwa Ryzen 3000. Akaniwekea sanduku la prosesa kando yake: 5600G. Hakusema kitu kwa muda, kisha akasema, "Bodi nzima. Prosesa nzima. Hazijuani."

Maelezo yake nayaandika kwa lugha yangu, kwa faida ya mwengine atakayeuziwa hivi. Bodi za B450 zilianza kutoka 2018. Ryzen 5 5600G ilikuja 2021. Zote mbili zinatumia soketi ya AM4, yaani kikalio cha prosesa kwenye bodi, kwa hivyo prosesa inaingia bila ya tatizo, feni inafungwa, kila kitu kinakaa. Lakini ndani ya bodi kuna programu ndogo inayoitwa BIOS, ndiyo inayoamka mwanzo na kuitambua prosesa kabla ya kitu chengine chochote. Bodi iliyokaa ghalani kwa muuzaji ina BIOS ya siku ilipotoka kiwandani. Prosesa iliyozaliwa baada ya siku hiyo haimo kwenye orodha yake, na kwa hivyo inasimama pale pale na kitaa chake chekundu. Dawa ni kuiwekea bodi BIOS mpya. Sasa balaa lake: kuiweka BIOS kwa njia ya kawaida unahitaji mashine iwake, na mashine haiwaki mpaka uiweke BIOS. Zipo bodi zenye kitufe maalum nyuma, unachomeka flashi na kubonyeza, hata prosesa haihitajiki. Yetu haikuwa nacho.

Fundi akavuta mtoto wa meza akatoa kikopo cha plastiki kilichokuwa cha halua. Ndani, juu ya sponji, ilikuwamo Ryzen 3 2200G, ya 2018. Hauzi. Hiyo ni prosesa ya kazi, ya kuamshia bodi za watu. Kwa mtazamo wangu kikopo kile ndicho kinachomtenga na mafundi wengine, kwa sababu mwenye kikopo kile hana haja ya kukuuzia bodi.

Kuitoa ile ya kwetu aliifanya kazi ya roho mkononi. Prosesa za AM4 zina pini kwa chini, 1,331, nyembamba kama nywele, na ile pesti ya kupitishia joto huishika prosesa na kipoza chake vikawa kitu kimoja. Mtu akivuta juu kwa nguvu, prosesa inang'oka pamoja nacho na pini zinapinda, hapo ndipo penye hasara ya kweli. Yeye alifungua skrubu kwa kukata pembe, akakishika kipoza kwa vidole vitatu na kukizungusha kushoto, kulia, kushoto, bila ya kuvuta, mpaka kikateleza chenyewe. Mashine za zamani, anasema, huzipasha kwanza kwa kikaushio cha nywele. Kikaushio kipo, kinaning'inia msumarini.

Ile 2200G ikaingia, akagusa zile pini mbili, na skrini ikawaka. Niliguna. Mkewe akacheka bila ya kuinua macho kwenye kofia yake.

Faili la BIOS alilichukua kwenye tovuti ya mtengenezaji wa bodi, na kwanza alisoma jina la bodi na toleo lake kwenye bodi yenyewe, si kwenye risiti, maana bodi mbili huweza kuwa na jina moja na toleo tofauti, na faili la moja si la nyengine. Akaliweka kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa mafaili ambao bodi inausoma. Nikadhani tunamalizia. Wapi! Akasema tungoje.

Tulichongojea ni UPS, lile sanduku la betri linaloishikilia mashine umeme ukikatika. Umeme wetu wa Pemba unakuja tangu 2010 kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, na aliyeishi hapa enzi za majenereta ya Wesha anajua tofauti yake. Lakini kukatika ghafla bado kupo, na BIOS ikikatiwa umeme katikati ya kuandikwa, bodi nzima inaweza kuwa pambo. Kwa hivyo aliichaji UPS mpaka ijae, kisha, na hili sijaliona kwa fundi mwengine yeyote, akaijaribu UPS yenyewe. Alichomeka feni ya mezani kwenye UPS, akachomoa plagi ukutani, akatazama saa yake ya mkononi huku feni ikizunguka. Aliporidhika ndipo alipochomeka mashine yangu. Kuandika BIOS kwenyewe kulikuwa dakika chache. Ule mstari wa asilimia ulitambaa, mashine ikajizima na kujiwasha, na yeye muda wote mikono kaikunja kifuani.

Akarudisha 5600G, pesti mpya, skrubu kwa kukata pembe tena. Akawasha. Giza. Nikamtazama. "Msiguse," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa anagusa. Mara ya kwanza baada ya kubadilishiwa prosesa, bodi huchukua muda kuizoea ramu, na skrini hubaki tupu wakati huo. Watu wengi hapo ndipo wanapozima kwa wasiwasi na kuanza upya. Ikapita kitambo, kisha nembo ya bodi ikatokea.

Angeweza kuishia hapo nikalipa na kushukuru. Aliingia kwenye BIOS akanionyesha kuwa ramu zinakwenda kwa kasi ya 2133 wakati zimeandikwa 3200. Akawasha mpangilio unaoitwa XMP, unaoipa ramu kasi iliyoandikiwa, zikapanda. Kwa prosesa ya aina hii, ambayo sehemu yake ya picha inakopa ramu ya mashine, tofauti hiyo mtu wa video anaiona kwa macho. Hili hatukumuomba.

Bei. Kutazama ni elfu kumi, unalipa hata kama mashine haikupona, na wapo wanaonung'unika kwa hilo. Mimi naona haki: kutazama kwake ni kazi ya nusu siku. Jumla nililipa elfu arubaini, na hakuna kipande hata kimoja nilichonunua. Risiti hana, na hilo namlaumu, maana mimi nina hesabu za biashara za kuweka. Badala yake aliandika kwa kalamu ya wino juu ya kipande cha gundi ya karatasi na kukibandika ndani ya kasha: tarehe, toleo la BIOS, na namba za mita. Fundi yeyote atakayefungua baadae ataanzia hapo.

Mengine ya kumlaumu yapo. Chumba kina joto, na feni yake huizima anaposhika skrubu ndogo, kwa hivyo mnatoka jasho nyote. Ukimuuliza suali katikati ya kazi hukujibu baada ya kumaliza alichoshika, wakati mwengine wewe mwenyewe umeshasahau uliuliza nini. Ijumaa usende kabla ya sala. Na hasemi siku ya kumaliza: ukimbana anajibu "ikiwa tayari," basi. Mwenye harusi ya Jumamosi na mashine imekufa Alkhamisi aombe laptop ya kuazima kwanza, kisha ndiyo apande zile ngazi.

Waliouziwa vipande Dar au Unguja na wanataka kuunga wenyewe, mimi nasema ungeni, ni pesa iliyookolewa. Ila mkiwa bado dukani mwambieni muuzaji awashe bodi na prosesa hiyo hiyo mbele yenu, au aweke BIOS mpya kabla ya kufunga sanduku. Muuzaji anayekataa yote mawili nunueni kwa mwengine. Kuanzia Wete, kasha la chuma kwenye daladala mpaka Chake ni mzigo, na konda atakutozeni nauli ya mtu.

Nilirudi tena kwake na printa yangu inayokunja karatasi. Hakuiruhusu hata kupita mlangoni. "Printa sifanyi, Bibie." Mkewe akanielekeza kwa kijana mmoja wa chini, na kijana huyo bado anayo mpaka leo.